Kulea kuanzia anapoanza kutembea mpaka anapoota ndevu: maelekezo kwa wazazi wa Mbeya, Iringa na Njombe

Jamani wazazi wenzangu, nimeamua niandike hii kwa urefu maana maswali ni yale yale kila siku, mtoto anajigaragaza sokoni nifanyeje, wa darasa la pili bado anakojoa kitandani, binti kaanza kujifungia chumbani na simu, na majibu mengi tunayopeana ni "mchape tu ataacha". Mi ni mama, nalelea hapa Uyole, na kabla sijaenda kwenye kitu kimoja kimoja nianze na hili ambalo naliamini kuliko yote: mtoto wa umri wowote anatulia akijua neno lako haligeuki. Hapana ya leo iwe hapana na kesho. Ukiahidi Jumamosi mtaenda kwa bibi Tukuyu, mpeleke, au mwambie mapema kwa nini imeshindikana. Shida ni kwamba wengi tunatishia vitu ambavyo hatuwezi kuvifanya, "nitakuacha hapa hapa", "namuita polisi", "leo nakuua", sasa mtoto akishagundua hakuna polisi anayekuja, kila utakachosema baada ya hapo kwake ni kelele tu.

Kujigaragaza, kugoma, kung'ata (mwaka mmoja na nusu mpaka minne)

Kwanza hakufanyii makusudi. Mtoto wa miaka miwili anataka vitu vingi kuliko maneno aliyonayo ya kuviomba, na ile sehemu ya ubongo inayomsaidia mtu ajizuie bado changa kabisa, inaendelea kukomaa mpaka mtu anafika miaka ishirini na kitu. Kwa hiyo akilipuka hawezi kujituliza mwenyewe, anakutegemea wewe uwe mtulivu kwa niaba yake.

Chukua soko la Mwanjelwa Jumamosi, mvua imenyesha, watu wamebanana, umembeba mgongoni muda mrefu sasa umemshusha, kaona biskuti, umesema hapana, kajitupa kwenye tope. Watu wanakuangalia, muuza nyanya anakwambia "mpe tu mama, mtoto analia". Hapo ndo pagumu, wengi tunanunua biskuti kwa sababu ya macho ya watu. Usinunue. Chuchumaa mpaka macho yenu yawe sawa, mwambie sentensi moja tu fupi, "umetaka biskuti, leo hatununui", alafu nyamaza, maana mtoto anayelia hasikii hotuba. Kama bodaboda zinapita karibu mbebe usogee nae pembeni hata akirusha mateke, ukae nae hapo mpaka ipite, na itapita ndani ya dakika chache ingawa kwako zitaonekana nyingi. Akitulia mfute kamasi, mkumbatie, endeleeni na safari bila kumkumbushia. Na biskuti usimpe hata baada ya kutulia, ukimpa umemfundisha bei yake, kwamba kulia dakika tano ni biskuti moja.

Ila mara nyingi ukichunguza utakuta kabla ya kulipuka alikuwa na njaa, au usingizi, au baridi, au anaanza kuumwa. Kwa hiyo kazi kubwa ni kabla. Usiende nae sokoni saa yake ya kulala. Mpe uji kwanza. Mkiwa bado nyumbani mwambie "tunanunua nyanya na dagaa, biskuti leo hakuna", na mkifika mpe kazi, ashike karoti, ahesabu vitunguu mnavyoweka kwenye mfuko. Mtoto mwenye kazi halii ovyo. Na pale ambapo unaweza kumpa uchaguzi mpe, lakini wa vitu viwili ambavyo vyote umevikubali, sweta jekundu au la bluu, sio "unataka kuvaa sweta?" maana atajibu hapana na nje kuna baridi ya Julai.

Kung'ata na kupiga wenzake: shika mkono wake, "hatung'ati, inauma", mtoe pale, alafu umhudumie kwanza aliyeng'atwa. Usimng'ate na wewe ili ajue inauma, jamani hiyo bado ipo na haifundishi chochote zaidi ya kwamba mkubwa anaruhusiwa.

Poti msubiri awe tayari, wengi ni kati ya mwaka mmoja na nusu na mitatu, utaona anakaa mkavu masaa mawili hivi na anakwambia au anajificha akitaka kujisaidia. Msishindane na jirani.

Na kama unamuacha na dada wa kazi, yote hapo juu mweleze na yeye, maana ndo anashinda nae. Ukiwa na sheria zako za jioni na dada ana zake za mchana mtoto anachanganyikiwa. Na huyo dada mwenyewe mara nyingi ni mtoto wa mtu kutoka Makete au Kilolo huko, mheshimu, mwachie namba ya simu na hela ya dharura.

Baridi na moto

Hii napita haraka ila ni ya kufa na kupona. Kuanzia mwezi wa sita watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani wanafunga madirisha. Ule moshi usioonekana hauna harufu wala rangi na unaua watu wakiwa wamelala, watoto wanazidiwa haraka zaidi. Oteni moto nje, lakini jiko lisilale ndani na watu. Valisheni soksi, kofia, nguo mbili tatu, lala nae blanketi moja kama ameshavuka uchanga. Akiungua na uji au maji ya moto, weka sehemu iliyoungua kwenye maji ya bomba ya kawaida yanayotiririka dakika 20, sio dawa ya meno, sio mafuta, sio ute wa yai, alafu hospitali.

Chakula, na hapa nisikilizeni

Sisi ndo tunalisha nchi, mahindi ya kwetu, viazi vya kwetu, maparachichi yanapelekwa ng'ambo, mchele wa Kyela kila mtu anautaka. Lakini ule utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Iringa watoto karibu 57 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, Njombe na Rukwa karibu 50, wakati nchi nzima ni 30. Yaani mikoa yenye ghala ndo yenye watoto wafupi kuliko umri wao. Na kudumaa sio urefu tu, ni akili darasani na kinga ya mwili, na sehemu kubwa inatokea toka mimba mpaka mtoto anafikisha miaka miwili, ikishapita hapo kuirudisha ni ngumu sana.

Sababu tunazijua. Mama yuko shamba toka alfajiri, mtoto kaachwa na mwenzie wa miaka saba na kikombe cha uji wa sembe mtupu. Mayai yanauzwa, maziwa yanauzwa, maparachichi yanauzwa, mtoto anakula ugali na mchuzi wa maharage bila maharage. Kwa hiyo fanya hivi, na haihitaji hela nyingi. Maziwa ya mama aendelee mpaka miaka miwili au zaidi. Kuanzia miezi sita anza kumwongezea chakula, na akishafika mwaka ale milo mitatu minne kwa siku na kitu kidogo katikati. Uji uwe mzito usianguke haraka kwenye kijiko, tia karanga za kusaga au maziwa. Ugali tumia dona. Maharage yaponde, dagaa wasage unga uwe unanyunyiza kwenye mboga, parachichi nusu kila siku kipindi cha msimu, katika ndoo unayouza toa matatu ya nyumbani. Yai hata moja kila baada ya siku moja. Na chai ya rangi mtoto mdogo hana kazi nayo, inamjaza tumbo na inazuia mwili kuchukua madini ya chuma kwenye chakula.

Mpe sahani yake mwenyewe. Kwenye sinia la pamoja mdogo anashindwa na wakubwa na wewe huoni kala kiasi gani. Akikataa chakula usimkabe, mwekee tena kesho na keshokutwa, mtoto anaweza kukataa kitu mara nyingi kabla hajakizoea.

Na ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Najua watu wa Iringa na Njombe mtanikasirikia, lakini hata ule mtogwa mtamu wa asubuhi unaendelea kuchacha kadri masaa yanavyokwenda, mchana ni pombe. Mtoto asinyweshwe ili alale mama apate kulima. Ubongo unaokua na pombe haviendi pamoja.

Kukojoa kitandani

Nimeipa nafasi kubwa kwa sababu huku kwetu inatesa kuliko Dar, godoro likilowa mwezi wa saba halikauki siku tatu, mama anachoka, na mtoto ndo anabeba hasira zote. Mpaka miaka mitano sita ni kawaida kabisa, na wapo wengi tu wa saba na nane, wavulana zaidi, na mara nyingi ukiuliza vizuri utakuta baba yake au mjomba wake nae alikuwa hivyo hivyo. Analala usingizi mzito, kibofu kimejaa, ubongo haujapata taarifa. Sio uvivu, wala sio kiburi. Kwa hiyo kumbebesha godoro kichwani watu wa mtaa wamuone, kumwimbia, kumnyima chakula cha usiku, vyote hivyo havimkaushi, vinamuongezea hofu tu.

Mpe maji ya kutosha mchana, asubuhi na shuleni, alafu punguza masaa mawili kabla ya kulala, hasa chai. Akojoe kabla ya kupanda kitandani, hata kama anasema hana. Choo kikiwa nje, gizani, na baridi ile ya Mbeya, we mwenyewe mtu mzima unaogopa, sembuse yeye, kwa hiyo weka ndoo au kopo lenye mfuniko chumbani na tochi. Godoro livalishe nailoni nzito juu yake shuka la zamani lililokunjwa mara mbili, asubuhi unafua shuka sio godoro. Akilowesha asaidie kutoa shuka kulipeleka kwenye beseni, bila matusi, kama mtu anayetoa sahani aliyolia. Asubuhi aliyoamka mkavu mpongeze, ila usimnunulie zawadi maana hajachagua kulowa wala kukauka. Na wadogo zake usiruhusu wamcheke.

Hospitali mpeleke kama ana maumivu akikojoa, kama anakunywa maji kupita kiasi na kukonda (pimeni sukari), au kama alishakauka miezi sita na zaidi alafu ghafla kaanza tena. Hiyo ya mwisho muulize taratibu pia kama kuna kitu kimemtisha, shuleni, njiani, au kuna mtu anamfanyia kitu kibaya.

Mwili wake ni wake

Hapo hapo nisije nikasahau. Kuanzia miaka mitatu minne mfundishe majina ya viungo vyake vya siri bila kucheka, mwambie hakuna mtu wa kuvishika isipokuwa anayemwogesha au daktari na wewe ukiwepo, na akiambiwa "usimwambie mama" basi hicho ndo cha kumwambia mama. Usimlazimishe kukumbatia au kukaa mapajani kwa mtu asiyemtaka, hata kama ni mjomba, shikamoo inatosha kabisa kwa heshima.

Ikitokea mtu amemfanyia kitu kibaya, mwamini. Usimwogeshe, usifue zile nguo, mpeleke hospitali haraka, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya masaa 72, mapema ndo bora. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 ya kusaidia watoto ni bure kupiga. Na msikubali kumalizana kifamilia kwa ng'ombe au laki mbili tatu, hili nasema kwa uchungu maana linafanyika sana.

Miaka ya shule ya msingi: kazi, hela, uongo

Mtoto wa miaka sita saba anaweza kufagia, kuosha vikombe, kufua soksi zake. Wa kumi anaweza kupika ugali ukiwa jirani. Kazi ziwe za wavulana na wasichana sawa, sio Neema anaosha vyombo na Baraka anaangalia katuni. Lakini kazi isile muda wa shule na kulala, wa umri huu anahitaji kama masaa 9 mpaka 12 ya usingizi, sasa anayerudi kuuza maandazi stendi mpaka saa tatu usiku kesho darasani anasinzia alafu mwalimu anamchapa.

Chunguza hela zako ndogo. Kuna zile mashine za kamari za sarafu, madubwi, zimewekwa kwenye vibanda mitaani, na mtoto anaanza na sarafu ya mia mbili ya kutumwa chumvi. Kisheria kamari ni kuanzia miaka 18. Ukiona chenji haifiki mara kwa mara, anachelewa anapotumwa dukani, usianze kwa fimbo, fuatilia anapopita, ongea na mwenye kibanda, na ikiwa anaendelea kuwapokea watoto nenda serikali ya mtaa. Alafu mtoto arudishe ile hela kwa kazi ya ziada mpaka iishe, kidogo kidogo.

Uongo: ukishajua ukweli usimuulize mtego. "Nani kavunja chupa?" wakati umeona ni yeye unamfundisha kudanganya. Sema "nimeona chupa imevunjika, njoo tuokote pamoja, kuwa makini na vipande". Na akisema ukweli mwenyewe adhabu ipungue, akiona ukweli na uongo adhabu ni ile ile atachagua uongo kila siku.

Kuhusu fimbo nina msimamo na sijifichi. Kipigo kinazuia jambo mbele yako tu, ukiondoka linaendelea, na mtoto anajifunza kukwepa macho yako badala ya kuacha kosa. Adhabu nzuri inafanana na kosa: kamwaga maji makusudi, anadeki. Kamtukana dada wa kazi, anaomba radhi na kumsaidia kazi jioni ile. Fupi, siku hiyo hiyo, alafu yaishe.

Wanapovuka: balehe, simu, bodaboda

Anza kabla mwili haujaanza. Wasichana dalili zinaweza kuanza popote kati ya miaka 8 na 13, wavulana 9 na 14, kwa hiyo darasa la nne sio mapema. Binti ajue hedhi ni nini kabla haijamkuta darasani, na begi lake liwe na pedi na chupi ya akiba. Kama ni vitambaa, vifuliwe kwa sabuni na vikauke juani, na kipindi cha ukungu na mvua vimalizieni kwa pasi ya moto, unyevu unaleta fangasi. Wa kiume nae aambiwe ndoto nyevu ni kawaida na sauti kuwa nzito sio ugonjwa, tunawasahau sana hawa, na baba ndo aongee nae, kama hayupo basi mjomba unayemwamini. Binti wa miaka 9 mpaka 14 apate chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, ni bure.

Mazungumzo ya kukaa kwenye kochi "njoo hapa tuongee" kijana anayakimbia. Ongea mkiwa na kazi mikononi. Mwezi wa saba mkiwa mnapukuchua mahindi, macho yako kwenye gunzi na yake kwenye gunzi, ndo utasikia "mama, kuna kaka wa bodaboda huwa ananipa lifti". Hapo usirushe gunzi. Ukifoka leo hutasikia cha kesho. Uliza, "anakupa lifti kutoka wapi? Wewe unajisikiaje?" alafu mwambie wazi: lifti ya bure, chipsi, vocha, vinadaiwa baadae. Mwambie na sheria, mwanaume anayelala na binti wa chini ya miaka 18 ni kubaka, miaka 30 jela, hata kama binti alikubali. Mtoto wa kiume pia aijue hiyo. Na nauli ya daladala mpe, ukimnyima nauli umemkabidhi kwa mwenye pikipiki. Mwenye mimba tayari msimfukuze nyumbani, toka Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi shule baada ya kujifungua, nenda kaongee na mkuu wa shule mapema.

Simu: TikTok na Instagram wenyewe wameweka miaka 13 kama mwanzo. Kukiwa na simu ya nyumba moja ni rahisi, ila akiwa na yake mkubaliane kabla hujamkabidhi, inachajiwa sebuleni usiku, na wewe yako pia iwe hapo, haiwezekani we uko WhatsApp mpaka saa sita usiku alafu unamhubiria. Mwambie akiombwa picha za utupu na mtu yeyote, au ameshatuma na sasa anatishiwa, aje kwako na hatapigwa. Na akija kweli usimpige. Msilipe, msifute ujumbe, hifadhini kila kitu mpeleke polisi.

Kijana akibadilika ghafla, hali chakula, halali usingizi, kaacha mpira aliokuwa anaupenda, anasema bora asingekuwepo, muulize moja kwa moja kama anawaza kujidhuru, kumuuliza hakumpandikizii wazo. Usimuache peke yake, dawa za shambani zifungieni kwa kufuli siku hiyo hiyo, mpeleke hospitali muombe mtu wa afya ya akili. Sio ulozi, na kuomba mchungaji amwombee ni sawa lakini na hospitali mwende.

Baada ya darasa la saba na kidato cha nne

Kuna mtindo wa kumtoa binti wa miaka 14 kijijini anakwenda Dar kuwa dada wa kazi, kaletwa na mtu anayejiita shangazi ambaye hata ukoo hamjui. Mtoto huyo bado analelewa. Ada ya sekondari ya serikali, kidato cha kwanza mpaka cha nne, ilifutwa toka 2016, michango na sare zipo najua, lakini kabla hujamtoa nenda shuleni uongee kuhusu kulipa kidogo kidogo.

Wa kidato cha nne anamaliza Novemba na kidato cha tano kinaanza katikati ya mwaka unaofuata, hiyo miezi ndo vijana wengi wanapotea, wanashinda vijiweni Kabwe huko au wanalala mpaka saa tano. Kaeni wiki ile ile ya kumaliza mpange: ana kazi gani nyumbani, anarudi saa ngapi, anajifunza nini. Chuo cha ufundi cha VETA kipo Mbeya na Iringa, lakini fundi cherehani au fundi umeme wa mtaani nae anafundisha. Mpeleke mkaone karakana pamoja, akae pale siku mbili tatu, akikubali mwenyewe ndo ulipe.